Kwa Nini Jibu la Binti Yangu Lilichelewa

Mimi sikubali kushindwa na kisanduku. Nalisema mapema ili anayenisoma ajue anashughulika na mtu wa aina gani. Nimefundisha hesabu hapa Bagira, Bukavu, miaka mingi, mbele ya watoto waliobanana kwenye mabenchi, na haijatokea hata siku moja hesabu ikaniambia haina jibu nami nikaiamini. Kwa hiyo siku ile shangazi wa watoto wangu aliposimama katikati ya sebule yangu, mbele ya wageni waliovaa suti, akatangaza kwamba binti yangu hataki kuolewa, nilimtazama yeye, kisha nikaitazama modem, nikaamua kwamba mmoja wao anasema uongo. Nikachagua modem.

Binti yangu yuko Ubelgiji kwa masomo. Kijana aliyemposa yuko hapa hapa Bukavu, wa familia moja ya mtaa wa Nyalukemba, mhasibu, mtu wa heshima, anayesalimia hata watoto. Walijuana zamani kwenye kwaya. Mimi nilimpenda tangu siku aliponibebea kiti kanisani bila kuombwa, na sikuficha. Kila binti yangu alipopiga simu nilimwambia: kijana mzuri, familia nzuri, unangoja nini tena? Naye alikuwa akijibu, “Ndiyo, maman.” Basi familia mbili zikakubaliana. Yeye hawezi kuja kwa sababu ya masomo, lakini siku hizi watu wanaolewa huku wakiwa kwenye kioo cha kompyuta, na dunia haijapasuka.

Kwetu sisi Bashi kuna swali moja ambalo halirukwi. Wageni wanaleta kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ndani ya kibuyu, wanaiweka katikati. Hakuna mtu anayeigusa. Hata mzee mwenye kiu ya tangu asubuhi anakaa anaitazama tu. Kisha shangazi, dada wa baba, anamwita msichana na kumuuliza mbele ya wote: “Tunywe?” Msichana akijibu “Munywe,” watu wanakunywa, halafu ndipo mambo ya ng'ombe wa mahari yanaanza. Akinyamaza, kibuyu kinarudi na wenyewe, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumuuliza sababu. Wanaume wanaweza kupanga mwaka mzima, lakini msichana akifunga mdomo, yamekwisha.

Jumamosi ile nilikuwa nimeweka kompyuta kwenye meza ndogo, juu ya kitambaa cheupe. Uso wa binti yangu ulionekana vizuri, amesuka nywele, amevaa kitenge nilichomtumia. Shangazi akasogea mbele ya kioo. Ni mwanamke mrefu, mkulima, anayesema taratibu na asiyerudia neno. Akauliza, “Tunywe?”

Tukangoja. Mtu akakohoa. Uso wa binti yangu ukaganda, mdomo nusu wazi, kama picha ya kitambulisho iliyopigwa vibaya. Tukaendelea kungoja. Msemaji wa wageni akaangalia viatu vyake. Shangazi akashika kibuyu, akakivuta nyuma taratibu, na ndipo sauti ikatoka kwenye kompyuta, imekatika katikati: “Mu…nywe.”

“Amejibu!” nikapiga kelele.

“Alinyamaza,” shangazi akasema.

“Hakunyamaza! Ni connexion!”

“Connexion njo nini? Miye niliuliza mutoto, siyo connexion.”

Aka! Nilitamani kumrushia kitambaa cha meza. Msemaji wa wageni, mtu mpole, akasema hakuna neno, watarudi Jumamosi nyingine, Mungu ni mkubwa. Wakala chakula nilichoamka alfajiri kukipika, wakakila vichwa vimeinama, wakaenda. Na shangazi akanifuata jikoni, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, “Muke wa kaka yangu, usisukume mutoto.”

“Nani anasukuma?”

“Nimesema tu.”

Hilo “nimesema tu” liliniwasha kuliko pilipili. Ati mimi, mama mzazi, namsukuma mwanangu! Nikaapa pale pale, nikiwa na mwiko mkononi: Jumamosi watakayorudi, neno la binti yangu litavuka bahari na kufika sebuleni kwangu hata kabla shangazi hajafunga mdomo. Na shangazi ataniomba radhi.

Jumatatu, baada ya masomo, nikashuka mjini, kwenye ofisi ya kampuni iliyotuuzia mtandao. Kwa sisi wa Kasha, mtaa wetu huku Bagira, hakuna waya wa simu unaofika nyumbani. Tuna antena juu ya bati, imeelekezwa mlingoti wa kampuni ulio kilimani ng'ambo, na kutoka antena waya unashuka hadi modem ndani ya nyumba. Fundi wa zamu alikuwa mtu mzima mwenye tai. Akanisikiliza akiwa anaandika kitu kingine.

“Maman, muzime, mungoje, muwashe.”

“Nimezima nimewasha mpaka kidude cha kuzimia kimefutika rangi.”

“Basi muzime tena, lakini mungoje sana.”

“Papa,” nikamwambia, “nina ndoa ya mtoto Jumamosi ya tatu kutoka leo. Sitoki hapa kwa kuzima na kuwasha.” Nikavuta kiti, nikakaa. Nina uwezo mkubwa wa kukaa. Nyuma yangu mstari ukazidi kurefuka, watu wakaanza kunung'unika, na mwishowe akaacha kalamu.

Akanieleza, na alipoanza kueleza kweli alieleza vizuri, lazima niseme. Kasi ni kitu kimoja, akasema, na kuchelewa ni kitu kingine. Unaweza kuwa na barabara pana na bado safari ikawa ndefu. Ili kujua kuchelewa, kompyuta inapiga hodi mahali fulani, na kule wanaitikia karibu. Muda kati ya hodi na karibu, hiyo ndiyo ping. Akanionyesha maneno ya kuandika kwenye kompyuta ili niione kwa namba. “Mupige hodi ya karibu kwanza,” akasema. “Kwa modem yenu. Halafu kwa antena. Halafu kwetu. Halafu Ulaya. Pale namba itapanda, njo pale shida iko.”

Ah! Hiyo niliielewa mara moja. Ni hesabu. Usibadili vitu viwili kwa mara moja, badili kimoja, tazama. Nikamshukuru, nikapanda basi dogo la kurudi Bagira nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa fimbo njiani penye mbwa.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nikafungua kompyuta, nikapiga hodi kwenye modem yangu mwenyewe, hatua chache kutoka nilipokaa, nikitegemea jibu la papo hapo. Namba zikatoka zimetawanyika ovyo: moja ndogo, inayofuata kubwa ajabu, nyingine haikurudi kabisa. Nikadhani nimekosea kuandika. Nikarudia. Vile vile. Nilikuwa nimeitukana Ubelgiji, nimeitukana kampuni, nimewatukana hata samaki wanaosemekana kula nyaya za baharini, kumbe hodi yangu haijatoka hata sebuleni!

Modem ilikuwa wapi? Na hapa mwenzangu wa Bukavu atanielewa bila mimi kueleza. Kitu cha thamani hakiachwi wazi. Redio ya baba yangu ilikuwa na kitambaa chake, televisheni yangu ina kitambaa chake, na modem nilikuwa nimeifumia kwa mkono wangu kofia ya uzi wa krimu yenye maua pembeni, nikaifungia ndani ya kabati la chuma lenye milango ya vioo, katikati ya sahani za wageni, na ufunguo nikautia shingoni. Wageni walikuwa wanaisifu. Ilikuwa imefunikwa, imefungiwa, imezingirwa na chuma, ina joto la kuivisha maandazi. Niliitoa ikiwa inachoma mkono.

“Yo! Maskini,” nikasema, kama mtu anayemtoa mtoto chooni alikojifungia.

Nikaiweka juu ya meza, uchi, bila kitambaa. Nikanunua waya wa kuiunganisha na kompyuta moja kwa moja ili mawimbi yasipotee hewani. Hodi ya nyumbani ikaanza kuitikiwa papo hapo. Mume wangu akarudi kutoka kazini, akaikuta modem mezani, akauliza nani amekufa. Nikamwambia anyamaze, niko kazini.

Lakini jioni, hodi ya kwenda mbali ikawa inasuasua tena. Si mchana, jioni tu, na zaidi siku ile shirika liliposali kwetu. Shirika letu ni zile familia za jirani tunaokutana kila wiki kusoma Neno na kuombea wagonjwa. Tunakaa uani kwangu kwa sababu kuna nafasi. Na ukimkaribisha mtu kwako, unampa kiti, unampa maji, na siku hizi unampa kodi, lile neno la siri la Wi-Fi. Utamnyimaje? Nilimpa mmoja, akampa mwenzake, naye akampa shemeji yake. Nikafungua ukurasa wa modem, nikahesabu simu zilizoingia, nikaona shirika zima liko mule ndani, na majina mengine si ya shirika kabisa. Wengine walikuwa wamekaa nyuma ya ukuta wangu, barabarani, wanateremsha filamu.

Nikabadilisha kodi siku hiyo hiyo.

Mama yangu wee! Afadhali ningefunga kisima. Kesho yake kiongozi wa shirika, maman mmoja mnene mwenye sauti tamu, akaja na uso wa msiba. “Maman, tulikukosea nini?” Nikamkalisha, nikamweleza yote: kibuyu, kioo, shangazi, hodi na karibu. Alisikiliza akishika kidevu. Nikamwambia, si kwamba nawanyima, nawaomba tu mpaka binti yangu ajibu, basi, baadaye nitafungua. Akafikiri. Akasema ameelewa. Na kwenye sala iliyofuata, baada ya kuombea wajane na wagonjwa, akatamka kwa sauti ile ile tamu, “Tuombee pia connexion ya maman wetu.” Na watu wazima wote wakaitikia, “Ee Bwana, utusikie.” Nililazimika kuinamisha kichwa ili wasinione nikicheka.

Sasa jioni zikawa nzuri. Jumatatu nzuri, Jumanne nzuri, wiki nzima nzuri. Nikaanza kutembea kwa maringo. Jumamosi asubuhi nikafungua kompyuta nikiwa na kikombe changu cha chai, nikapiga hodi, na hodi ikapotea njiani. Namba zilipanda mpaka nikashindwa kumeza chai. Modem ilikuwa sawa. Shirika lilikuwa nje, halina kodi. Kosa lilikuwa kati ya antena na kilima.

“Jumamosi Wazungu hawaendi kazini,” mume wangu akasema kutoka kitandani. “Wanatumia connexion yote.”

“Wazungu gani wanapita kwenye bati letu?”

Nikatoka nje kuitazama antena. Na pale nje, mbele ya macho yangu, mashuka. Jumamosi ni siku ya kufua, kwangu na kwa Bagira nzima. Mashuka yalikuwa mazito, yanadondosha maji, kamba imelegea imeinama hadi karibu na majani ya mihogo. Nikaifuata kamba kwa macho. Ncha moja kwenye mparachichi. Ncha nyingine inapanda, inapanda, inaishia kwenye mlingoti wa antena yangu.

Nikatoa shuka la kwanza. Nikatoa la pili. Nikatoa blanketi. Kila nilipotoa, mlingoti ulikuwa unainuka kidogo, kama mzee anayetuliwa mzigo. Nikakimbia ndani nikiwa na blanketi linalovuja mikononi, nikatazama namba. Zilikuwa zinashuka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekianika juani. Kwa sababu nilikumbuka vizuri Jumamosi ile ya wageni: nilifua mashuka yote, mapazia yote, na vitambaa vyote vya viti, nikavitundika pale tangu alfajiri, ili nyumba inukie vizuri watu wa Nyalukemba watakapofika.

“Nani alifunga kamba kwenye antena?” nikaita.

Mume wangu ana njia yake ya kulala ghafla.

“Papa wa watoto!”

“Mulingoti ulikuwa pale,” akasema. “Na kamba ilikuwa pale.”

Nilimpeleka juu ya bati siku hiyo hiyo. Alifungua kamba, akakaza mlingoti kwa waya za chuma pande tatu, akaanza kuielekeza antena upya. Yeye juu, mimi dirishani na kompyuta, nikisoma namba kwa sauti. “Kushoto! Kidogo! Nimesema kidogo, umeenda mpaka Rwanda! Rudi! Hapo! Usiguse! Usipumue!” Majirani walitoka kutazama, mmoja akaleta kiti chake kabisa. Mume wangu ni karani wa ofisi, mtu wa kalamu na kivuli, na alisimama pale juu na suruali yake ya kazini akizungusha kile chuma kama mtu anayetafuta kituo kwenye redio, mpaka namba zikatulia. Na zilitulia kweli. Hodi ilikwenda Ubelgiji ikarudi kabla hujafumba na kufumbua jicho. Nikacheza pale pale, peke yangu, na jirani wa kiti akapiga makofi.

Jumapili baada ya misa nikampigia binti yangu kumjaribu. Nilitaka kupima kwa maneno, siyo namba tu, kwa sababu shangazi hasomi namba. Nikamwambia, nitaanza methali, wewe umalizie.

“Haraka haraka.”

“Haina baraka!”

“Bandu bandu.”

“Huisha gogo!”

“Mwenda pole.”

“Hajikwai! Maman, uko unafanya nini?” Alikuwa anacheka, na kicheko kilifika pamoja na meno yake, si kama zamani meno yakicheka na sauti ikifuata baadaye. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Tangu aondoke sikuwa nimezungumza naye bila kupishana. Nilikuwa nimezoea kusema mbio, kujaza nafasi, kumjibia, kwa sababu nikimngoja tunaanza kusema wote pamoja. Sasa ilikuwa kana kwamba yuko upande wa pili wa meza anachambua maharage.

“Sasa sikia,” nikasema. “Jumamosi bageni wanarudi. Uko tayari?”

Akanitazama.

Nikangoja. Nikatazama namba kwenye pembe ya kioo. Nikamtazama tena.

“Ndiyo, maman,” akasema.

Nikakata simu, nikatoka uani. Mume wangu alikuwa amekaa kivulini ananyoa ndevu.

“Panda tena,” nikamwambia.

“Namba ziko mubaya?”

“Ziko muzuri.”

“Basi napandia nini?”

“Panda!”

Akapanda. Akaigusa antena, akaiangalia, akasema haina kitu. Nikamwambia akaze waya. Akakaza. Nikamwambia akaze na ule mwingine.

Jumamosi ikafika. Sikufua hata soksi. Nilipita kwa jirani wa kushoto na jirani wa kulia kuwaomba wasiwashe mashine ya kuchomelea wala ya kusaga, wakakubali, Bagira nzima ilijua habari hii. Betri ya akiba niliijaza tangu jana yake, umeme ukikatika tusitetereke. Wageni wakaja wale wale, suti zile zile. Kijana alikaa kati ya wajomba zake, mikono juu ya magoti, akanisalimia kwa kusimama. Kibuyu kikawekwa katikati. Mimi nikakaa kando ya meza ya kompyuta, pale ambapo mama wa msichana hakai kamwe, kwa sababu nani mwingine angeshika mambo ya mtandao? Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri na nilikuwa namngoja shangazi kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani aliousahihisha mwenyewe.

Binti yangu alitokea kioo kizima, safi, bila kutetemeka. Akasalimia wazee mmoja mmoja, nao wakaitikia, maneno yakienda na kurudi kama yuko chumba cha pili. Wageni wakashangaa. Msemaji wao akaniinamishia kichwa, na nilivimba, sikatai.

Shangazi akasogea mbele ya kioo. Safari hii hakusimama, alikaa kwenye kigoda, uso wake mkabala na uso wa mtoto.

“Mwana wetu,” akasema, “bageni bako hapa. Tunywe?”

Binti yangu hakuganda. Nilimwona akipepesa macho. Nilisikia gari likipita kwenye barabara yake kule, na bomba la maji likidondosha jikoni kwake, tone, tone. Nilimsikia akimeza mate. Alikuwa hamtazami shangazi. Alikuwa ananitazama mimi.

Mtu akakohoa. Mume wangu akacheka kicheko cha wasiwasi. “Ah, connexion tena!”

Sebule nzima ikapumua. Wajomba wakacheka, msemaji akafuta paji la uso. “Njo ile,” akasema. “Maman, mujaribu kuzima na kuwasha.” Na wote, wageni na wenyeji, na yule kijana maskini na mikono yake juu ya magoti, wakageuza nyuso kunitazama mimi, fundi mkuu.

Namba zilikuwa pale kwenye pembe ya kioo, zinateremka moja baada ya nyingine, ndogo, sawasawa, hakuna hata moja iliyochelewa. Ingenitosha kuinua mkono na kuzima. Hakuna ambaye angeaibika. Wageni wangetaja Jumamosi nyingine, na ile nyingine pia ingekuja, na katikati yake mimi ningepiga simu kila siku, kijana mzuri, familia nzuri, mpaka mtoto achoke. Na angechoka. Namjua, angesema “Munywe” kwa sababu yangu. Moyo wangu ulikuwa unaniuma kweli, na niliogopa, mimi ambaye siogopi hata mkaguzi. Nilimwonea huruma kijana. Nilimwonea huruma mume wangu aliyepanda bati. Nikasimama.

“Hapana,” nikasema. “Connexion iko muzuri. Anatusikia, na siye tunamusikia.”

Hakuna aliyecheka tena. Shangazi akanitazama muda mrefu, na sikuona ushindi wowote machoni mwake. Akashika kibuyu kwa mikono miwili, taratibu, akakirudisha mbele ya wenyewe. “Tumesikia,” akasema. Nao wakaitikia, kama inavyotakiwa, “Tumesikia.”

Nikashika ukingo wa meza ili nikae.

“Asante, maman,” binti yangu akasema, na sauti yake ikanifikia kabla sijakaa.